Digidigi wa Mraba wa Kumi na Nne

Kila asubuhi ya likizo ya mwezi wa sita, Hosiana aliamka kabla ya bibi yake. Alifagia uwanja, akawafungulia kuku, akachota maji safari mbili, kisha akamwekea bibi bakuli la matobolwa, vile viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa, na kikombe cha chai karibu na mlango. Bibi Zipora alikuwa na umri mkubwa na masikio yake yalikuwa yamechoka. Ukitaka akusikie, ilibidi upaze sauti kama mtu anayeita ng'ombe bondeni. Kwa hiyo Hosiana alikuwa ameacha kumsimulia mambo yake. Si kila jambo linafaa kupigiwa kelele.

Mama yake, Klara, alikuwa Mwakitolyo akiwapikia wachimbaji wa dhahabu. Alikuwa ameaga kwamba anakwenda kwa mwezi mmoja tu. Sasa ulikuwa wa saba. Aneth, rafiki wa Hosiana wa darasa la sita, alikuwa amehamia Geita na wazazi wake tangu mwezi wa pili. Shule nayo ilikuwa imefungwa. Kuna siku jua lilizama juu ya kijiji cha Mwalukonda, Hosiana akagundua kwamba tangu asubuhi hajasema neno lolote zaidi ya "Shikamoo bibi" na "Shii!" ya kuwafukuza kuku kwenye michembe ya viazi iliyoanikwa.

Ndipo akaja Zuhura.

Zuhura alikuwa mzaliwa wa Kahama, na alikuwa akisomea shahada ya uzamili katika chuo kikuu kimoja huko Morogoro. Alikuja kuchunguza ngitili ya kijiji, yaani lile eneo la malisho linalofungwa wakati wa mvua ili nyasi na miti vipumzike, kisha likafunguliwa kiangazi kinapokaza. Alitaka kujua mimea ya asili imerudi kwa kiasi gani, na ni wanyama gani wameifuata. Alipanga katika nyumba ya mwalimu aliyekwenda likizo, na kila asubuhi alipita mbele ya nyumba ya kina Hosiana, ushungi kichwani, kofia pana juu yake, na furushi la vigingi begani.

Siku ya tatu alisimama. "Mdogo wangu, mti ule wenye miiba mnauitaje huku?"

"Shikamoo dada. Ule ni mtundulu. Mbuzi wanapenda sana maganda yake."

"Marahaba. Na ule wa nyuma yake?"

Hosiana akautaja, akautaja na wa tatu na wa nne. Kufika saa nne bibi alikuwa ameshapigiwa kelele za kuombwa ruhusa, naye alikuwa ameitikia kwa kichwa.

Kazi yenyewe ilikuwa ya subira. Walipima mraba wa hatua kumi kwa kumi, wakapigilia vigingi, wakazungusha kamba, kisha wakahesabu kila kilichokuwa ndani: miche ya mgunga, miche ya mkole, visiki vilivyochipua, nyayo, na kinyesi cha kila mnyama. Miraba ilikuwa thelathini. Hosiana alitaja kwa sauti, Zuhura akaandika. Katikati ya kazi walikaa kivulini wakala karanga na kuzungumza. Zuhura aliuliza maswali na kusubiri majibu. Hosiana alikuwa amesahau jinsi inavyopendeza mtu akikusubiri umalize sentensi.

Wiki ya tatu Zuhura alimkabidhi Hosiana daftari la kuandikia mwenyewe. "Kuanzia mraba wa kumi na moja hadi wa ishirini ni wako. Macho yako ni makali kuliko yangu."

Lakini jioni hiyohiyo, wakikunja kamba, akasema, "Ijumaa ijayo naondoka."

"Mbona mapema hivyo?"

"Kazi inakwisha. Labda kama tungepata jambo geni. Digidigi, kwa mfano. Angekuwa amerudi ngitilini, mwalimu wangu wa chuo angeniongezea mwezi mzima. Lakini huyu tumemwona kule kwenye kilima cha mawe tu."

Ni kweli walikuwa wamemwona kilimani, swala mdogo wa kimo cha mbuzi mchanga, pua ndefu, macho makubwa. Zuhura alikuwa amemwonyesha Hosiana kwamba digidigi hurudi kuacha kinyesi chake mahali palepale, punje ndogo nyeusi zikawa lundo.

Kesho yake Hosiana hakwenda ngitilini asubuhi. Alikwenda kilimani na mfuko wa rambo. Alichota punje zile, akarudi nazo, akazimwaga ndani ya mraba wa kumi na nne chini ya mtundulu, akazipanga vizuri. Kisha akafungua daftari na kuandika: *Digidigi. Lundo moja.*

Zuhura alipoona, alipiga magoti vumbini. "Hosiana! Unajua hii ni nini?" Akamkumbatia huku akicheka. Akapanda juu ya kichuguu kutafuta mtandao, akampigia mwalimu wake. Alishuka akiwa bado anacheka. "Amekubali! Nabaki mwezi mmoja zaidi."

Hosiana naye alicheka kidogo.

Zuhura alifunga kamera kwenye mti karibu na mraba ule, ya aina inayopiga picha yenyewe mnyama akipita. Siku nne zilipita. Kamera ilinasa sungura mmoja na kundi la kanga. "Digidigi ni mwoga," Zuhura alisema. "Tusikate tamaa." Kila aliposema hivyo, Hosiana aliinama akajifanya anatoa mwiba kwenye ndala.

Habari hazina mlango. Mzee Makoye, msimamizi wa ngitili, alizisikia akafurahi mno. Akatangaza kwamba Jumatano kutakuwa na dagashida, mkutano wa wanakijiji wa kupanga mambo ya malisho, na kwamba upande wa mashariki wa ngitili, palipo na mraba wa kumi na nne, hautafunguliwa kiangazi hiki chote. Mnyama aliyerudi asibughudhiwe.

Jumanne Hosiana alikutana kisimani na Mama Amosi, jirani yao mjane. Mwanawe wa pekee, Amosi, alikuwa mji wa Isaka akipakua mizigo kwenye malori. Mama Amosi alikuwa na mbuzi tisa, na upande wa mashariki ndiko alikozoea kuwachunga kiangazi, kwa kuwa ni karibu na mguu wake mmoja ni mbovu.

"Mwaka huu nitawapeleka ng'ambo ya mto," alisema, akijitwisha ndoo taratibu. "Sijui huu mguu utasemaje. Lakini kama mnyama karudi, karudi. Ni baraka."

Aliondoka akichechemea. Hosiana alibaki na ndoo tupu mkononi.

Jumatano asubuhi alikwenda hadi nyumba ya mwalimu. Zuhura alikuwa akipiga pasi gauni la kuvaa mkutanoni.

"Dada Zuhura, digidigi hayupo."

"Hayupo wapi?"

"Ngitilini. Zile punje nilizitoa kilimani. Nilizileta kwenye mfuko."

Zuhura aliweka pasi chini. Hosiana alitamani agombezwe upesi yaishe.

"Kwa nini?"

"Ulikuwa unaondoka."

Zuhura alitazama dirishani. Aliporudisha uso, macho yake yalikuwa mekundu. "Hosiana, watu watakaosoma kazi yangu hawatafika Mwalukonda. Hawatakuwa na macho mengine ila yangu. Na mimi nilikuamini wewe uwe macho yangu." Akaliweka gauni kando. "Sasa sijui hata miche uliyoihesabu kama ipo."

"Ipo, dada. Haki ya Mungu, ipo."

"Nitajuaje?"

Lile swali lilimuuma kuliko fimbo.

Kwenye dagashida, Zuhura alisimama wa kwanza. "Wazee wangu, wazazi wangu, shikamooni. Habari niliyowapa haikuwa sahihi. Hatuna ushahidi wa digidigi katika ngitili. Naomba radhi, nilitangaza kabla ya kuhakikisha."

Minong'ono ikazuka. Mwanamume mmoja akapaza sauti, "Wasomi hao! Jana yupo, leo hayupo. Huyo ni digidigi au jini?" Watu wakaangua kicheko. Zuhura aliinamisha kichwa. Hakumtaja mtu.

Hosiana alikuwa pembeni na bibi yake. Aliona shingo ya Zuhura iliyoinama, na miguu yake ikamsimamisha kabla hajaamua.

"Si yeye. Ni mimi. Mimi ndiye niliyeziweka zile punje."

Kicheko kikakatika. Bibi Zipora akauliza kwa sauti kubwa, "Anasema nini?" Ikabidi Hosiana arudie, akipiga kelele mbele ya kijiji kizima, kwamba alidanganya ili dada Zuhura asiondoke. Machozi yalimtoka, lakini alimaliza.

Mzee Makoye alimtazama. "Na dada yako huyu ulitaka afanywe mwongo kwa ajili yako?"

"Hapana, babu. Ndiyo maana nimesimama."

Mzee Makoye alishusha pumzi. Akatangaza kwamba upande wa mashariki utafunguliwa kama kawaida, na mkutano ukaendelea na mengine.

Zuhura alimpigia mwalimu wake akamweleza yote. Mwezi wa nyongeza ukafutwa. Siku mbili zilizobaki alizitumia kurudia miraba yote kumi ya Hosiana, mmoja baada ya mwingine. Hosiana alishika kamba. Hawakula karanga wala hawakuzungumza, ila hesabu tu. Mraba wa kumi na moja: sawa. Wa kumi na mbili: sawa. Hadi wa ishirini, hesabu za daftari zilikuwa za kweli, isipokuwa mstari mmoja. Zuhura aliukata kwa kalamu nyekundu, akaandika pembeni sababu yake.

Ijumaa, kabla ya kupanda pikipiki, alimshika Hosiana bega. "Bado nina hasira kidogo. Itaisha. Nikifika nitakupigia kupitia simu ya Mzee Makoye." Kisha vumbi likamficha.

Jioni ile Mama Amosi alimwita Hosiana amsaidie kuwaingiza mbuzi zizini. Hosiana alikwenda ameinamisha uso.

"Mama Amosi, nisamehe. Ningekufanya uvuke mto na mguu huo."

"Nimekwisha kukusamehe." Mama Amosi alifunga mlango wa zizi, akakaa juu ya gogo. "Ng'wanone, mwanangu, nikuulize. Kutoka kwenu hadi hapa ni hatua ngapi?"

"Kama mia tatu."

"Na mimi hapa kwangu naongea na mbuzi tangu Amosi aende Isaka. Hukujua?"

Hosiana alitikisa kichwa.

"Upweke ni njaa kama njaa nyingine. Mwenye njaa akiomba, hupewa hata kama ni kidogo. Akiiba, hata alichoshiba kinamtoka, na mwenye chungu anakosa imani naye. Ungemwambia yule dada, 'Usiondoke, sina wa kuongea naye,' pengine angeondoka vilevile. Lakini ungebaki na urafiki wake mzima, na labda angekwambia upite kwangu. Ukweli hauleti kila unachokitaka. Lakini usiufiche kwa uongo, maana watu hawawezi kukusaidia kwa shida wasiyoijua."

Mbuzi mmoja alilia, wengine wakaitikia. Hosiana alifikicha macho kwa kiganja.

"Mama Amosi, naomba nije na kesho."

"Njoo. Na keshokutwa." Mama Amosi akasogea, akamwachia nafasi kwenye gogo. "Umeona? Neno lenyewe kumbe ni jepesi."