Mstari wa Shangazi

Shuleni wananiita Sitaki, na jina hilo sikuliokota njiani. Nilianza kulisema kabla sijamaliza kuota meno, na mpaka leo ukinipa amri bila sababu utalisikia. Kila siku kengele ya mwisho ikilia, wenzangu hukimbilia uwanjani, mimi naenda maktaba. Naondoa kitambaa kwenye kompyuta, napangusa vumbi, naiwasha, kisha nasubiri ingurume weee mpaka iamke. Upande wa pili wa chumba Shangazi anapaka gundi vitabu vilivyochanika. Yeye ndiye mtunza maktaba wetu. Nyumbani kwake ndiko ninakoishi. Shuleni natakiwa kumwita Mwalimu, lakini nasahau, na wote wanacheka.

Kompyuta hiyo ina programu ya kuazimisha vitabu. Tuliiandika sisi sita wa klabu ya kompyuta, tukiongozwa na mwalimu tunayemwita Mwalimu Waya, maana mifuko yake haikosi waya. Menyu yake ilikuwa fupi: Azima, Pokea, Chapisha, halafu mstari mwembamba, na chini ya mstari, Futa Yote. Kwenye faili, kila kitu cha menyu kimefungwa ndani ya mabano yenye ncha. Hata ule mstari ulikuwa na mabano yake, na ndani yake neno moja tu la kuiambia kompyuta itenganishe hapo.

"Huu mstari haubonyezeki, wala hauna maandishi," Mwalimu Waya alituambia tulipoipitia upya programu, miaka miwili baada ya kuiandika. "Lakini asiuguse mtu."

"Kwa nini, Mwalimu?" niliuliza.

"Kwa sababu nimesema."

Eh! Mimi huyo, uniambie hivyo? Aliponipa kisogo nilikuwa nimeshaukasirikia ule mstari kama mtu aliyenitukana.

Wiki mbili baadaye niliongeza kitu changu kwenye menyu, juu kabisa: Mtengenezaji. Ukikibonyeza, jina langu linatokea kwa herufi kubwa nyekundu. Majina ya wenzangu watano sikuweka hata moja, na leo naona haya kulisema hilo. Sasa kioo cha kompyuta yetu ni kidogo, cha zamani, na Futa Yote ikamezwa chini, haikuonekana tena. Lazima kitu kimoja kitoke. Nikautazama ule mstari. Haufanyi kazi, unakula nafasi, unaringa nini? Nikaufuta. Menyu yote ikaenea, nami nikajiona bingwa wa mabingwa.

Shangazi aligundua siku ileile.

"We mtoto, mstari wangu uko wapi?"

"Nimeutoa. Ulikuwa pambo tu."

"Mimi nilikuwa nauangalia."

"Si usome maneno, Shangazi? Au kusoma kumekushinda?"

Alinitazama juu ya miwani yake, kisha akarudi kwenye gundi. Nikadhani nimeshinda.

Jambo nisilolijua ni hili: miwani ya Shangazi ni ya kazi ya karibu, ya kushona na kubandika. Maneno ya kwenye kioo anayaona kama ukungu. Kwa miaka miwili alikuwa akishusha kishale cha kompyuta mpaka anapokutana na mstari, anasimama, anabonyeza neno lililo juu yake. Hilo lilikuwa Chapisha. Kila Ijumaa alichapisha orodha ya walioazima vitabu, na hakuwahi kukosea hata mara moja.

Ijumaa hiyo alishusha kishale akiutafuta mstari kwa mazoea. Hakuuona. Akafika mwisho wa maneno, akabonyeza, bila kujua kuwa pale ni Futa Yote. Kompyuta ikauliza kama ana uhakika. Swali hilo huuliza hata kabla ya kuchapisha, tusipoteze karatasi, kwa hiyo alijibu ndiyo kama kawaida yake. Orodha ya vitabu mia nne na kumi, pamoja na majina yote ya walioviazima, ikapotea palepale.

Mwalimu Mkuu aliitwa. Alisimama mbele ya kioo kitupu, mikono kiunoni.

"Mama, nilisema tangu mwanzo. Mashine hizi si za watu wa umri wetu. Jumatatu utahamia stoo, ukatunze mafagio na ndoo. Funguo za maktaba mkabidhi karani."

"Sijui nimekosea wapi," Shangazi alisema. Sauti yake ilikuwa ndogo, sijawahi kuisikia hivyo. Akafungua mkoba, akaweka funguo mezani, Mkuu akazitia mfukoni. Mimi nilikuwa pembeni na kitambaa changu, nikipangusa meza isiyo na vumbi.

Wakubwa walipotoka, rafiki yangu Pengo, mmoja wa wale sita, alinivuta kwenye korido.

"Nyamaza," alininong'oneza. "Hakuna anayejua. Ukisema, klabu itafungwa, na sisi sote tutakoma."

Niliikumbuka ile sauti ndogo. Shangazi yangu, aliyenifundisha kusoma, aende kutunza ndoo kwa sababu ya jina langu jekundu?

"Sitaki!" nikamwambia Pengo. Nikaondoka mbio.

Ofisini niliwakuta Mwalimu Mkuu, Mwalimu Waya na Shangazi. Nilisahau hata kubisha hodi.

"Nani kakuita?" Mkuu aliuliza.

"Sijaitwa, Mwalimu. Nimejileta. Shangazi hana kosa. Mimi ndiye niliyeutoa mstari."

"Mstari gani tena?"

Nikawapeleka maktaba, liwalo na liwe. Nikamwonyesha Mkuu menyu, nikamweleza ulipokuwa mstari na kwa nini niliufuta, mpaka habari ya jina langu. Mkuu akacheka kidogo.

"Yaani kistari tu ndicho kifute orodha nzima? Hebu." Akashika kipanya, akakisogeza, akabonyeza Chapisha barabara kabisa. "Umeona? Mbona mimi sikukosea?"

Nilitamani ardhi inimeze. Ushahidi wangu ulikuwa huo mmoja, na umenigeukia. Lakini maneno yakanitoka yenyewe.

"Wewe umeambiwa kuwa pana shimo, Mwalimu. Shangazi hakuambiwa. Aliniuliza, na mimi nikamjibu jeuri."

Mkuu akakiachia kipanya. Kisha Mwalimu Waya akakohoa.

"Na mimi nina langu," alisema. "Huyu aliniuliza kwa nini mstari usiguswe. Ningemjibu vizuri, tusingefika hapa."

Mkuu alizitoa funguo mfukoni mwake, akazirudisha mkononi mwa Shangazi. "Nilifanya haraka, Mama. Samahani." Kisha akanigeukia. "Na wewe, hutagusa faili la klabu mpaka muhula uishe. Orodha utaiandika upya, yote."

"Ataligusa mara moja tu," Shangazi akasema. "Aliyeutoa mstari ataurudisha mwenyewe."

Nilikaa. Nikafuta Mtengenezaji kwanza, nafasi ikapatikana. Kisha nikaandika lile neno fupi na mabano yake. Kazi ya nusu dakika. Kuandika orodha upya kulinichukua siku tano tu, kwa sababu Shangazi alikuwa amezibandika orodha za Ijumaa zote kwenye daftari lake kubwa. Vitabu vya wiki ile ya mwisho nilivitafuta darasa kwa darasa, nikizomewa kila mlango. Nilistahili.

Siku ya tano, Shangazi alishusha kishale, akasimama kwenye mstari, akabonyeza. Karatasi ikaanza kutoka.

"Mdharau mwiba mguu huota tende," alisema. "Ulisema mstari huu haufanyi kazi. Kazi yake ni kusimama kati ya mtu na kosa. Kabla hujaondoa kitu, muulize anayekitumia, na akikujibu, msikilize. Na ukaidi wako usiutupe, mwanangu. Ulipoutumia kunidharau, uliniumiza. Ulipoutumia kusema kweli mbele ya Mkuu, nilijivunia kuwa wewe ni mtoto wa kaka yangu."

Macho yaliniwasha, nikajifanya ni vumbi.

Mwalimu Waya alikuwa mlangoni, anatabasamu. "Kazi nzuri. Muhula ujao tukipata kioo kikubwa, turudishe na jina lako kwenye menyu?"

"Sitaki," nikasema.