Kodi ya Povu

Jumamosi ilipofika, kila mtu katika nyumba ile alijua kazi yake. Mama aliondoka asubuhi na mapema kwenda kwenye kiwanda cha kushona sare, maana kiwandani Jumamosi ni siku kama siku nyingine. Baba, fundi wa kuchomelea vyuma, alishinda karakanani hadi mchana, kisha akarudi kujisugua masizi kwa sabuni ya mche. Binti yao wa miaka kumi na miwili alifua sare za shule, akadeki, akamwogesha mdogo wake na kumvalisha shati safi. Binti huyo walizoea kumwita Mwiba. Bibi yake ndiye aliyempa jina hilo kwa sababu ya ulimi wake, kwani akiona jambo baya lazima achome. Mdogo wake aliitwa Kibonge, na jina lajieleza. Alikuwa na miaka mitano na mashavu ambayo kila mgeni alitaka kuyafinya.

"Haya wanangu, twendeni tukacheze," baba alisema alipomaliza kuvaa.

Mama alikuwa ameambiwa kwamba kila Jumamosi watoto hupelekwa kwenye bembea. Bembea zilikuwapo kweli. Ila jambo moja mama hakuambiwa, nalo ni kwamba bembea zenyewe zilikuwa nyuma ya baa.

Ndiyo, baa! Mwenye baa alikuwa mwanamke mmoja mnene, mcheshi, aliyeitwa na wateja wake Mama Karibu. Aligundua kwamba Jumamosi akina baba wengi huachiwa watoto, na baba mwenye mtoto mkononi huona haya kuingia kulewa. Basi akaweka bembea mbili na kiteleza, akachora bata ukutani, na chini ya bata akaandika kwa herufi nyekundu: FAMILIA KARIBUNI, WATOTO TUNAWAPENDA. Haya ikawaishia akina baba hao. Walianza kumiminika, kila mmoja na mtoto wake, nyuso kavu kabisa, kana kwamba wamewaleta shuleni.

Mwiba alipachukia mahali pale tangu mlangoni. Kwanza ilikuwa harufu: bia iliyochacha, moshi wa sigara, jasho, na juu ya yote mkojo. Meza zilinata. Ukiweka mkono, ukiuondoa unavutika. Nzi walikuwa wakiogelea kwenye masalia ya glasi, na mzee mmoja alipenga kamasi kwa vidole, akavipangusa kwenye kitambaa cha meza, kisha akavitumia vidole vilevile kuchagua karanga sahanini.

"Meneja!" ilinguruma sauti kutoka meza ya kona. "Njoo ukague mzigo!"

Huyo alikuwa Kreti, dereva wa lori na rafiki mkubwa wa baba. Kiu yake, alisema mwenyewe, haipimwi kwa chupa. Na "Meneja" wao alikuwa Kibonge. Meza ile ilikuwa na desturi yake, waliyoiita kodi ya povu. Kila glasi iliyojazwa, kabla mwenyewe hajainywa, ilibidi ipite kwa Meneja. Kibonge aliinama, akalamba povu, akajipangusa mdomo kwa mkono kama mtu mzima, akatamka, "Imepita!" Hapo meza nzima ilipiga makofi na kucheka hadi machozi.

Kibonge alipenda makofi kuliko pipi. Alikwenda mbio, akalamba glasi ya kwanza, akalamba na ya pili.

"Baba, usimpe," Mwiba alisema.

"Povu si pombe, mama. Ni hewa tu."

"Kama ni hewa, mbona mnaifuata mpaka huku? Hewa hata nyumbani ipo."

Meza ilipasuka kwa vicheko. Kreti alijipiga paja. "Loo, fundi, binti yako amekuchomelea leo! Lakini we' binti, hujasikia wahenga? Mtoto akililia wembe, mpe."

"Umkate," Mwiba akamalizia.

"Mwiba!" baba alikemea, ingawa naye alikuwa akitabasamu. "Shika adabu mbele ya wakubwa. Nenda ukacheze."

Wakubwa! Mwiba alitazama wakubwa wale, macho mekundu, mate pembeni mwa midomo, mmoja amesinzia kidevu kikiwa ndani ya sahani. Alimshika Kibonge mkono, akamwondoa pale kwa nguvu.

Kule nyuma watoto hawakuwa kwenye bembea. Bembea huchosha, na walevi hawana haraka ya kuondoka. Kwa hiyo watoto wakawa wamebuni mchezo wao. Waliokota chupa zilizorundikwa ukutani, wakakusanya masalia tone kwa tone katika chupa moja kubwa ya soda, kisha wakaiziba na kuitikisa. Ikijaa povu, wanashangilia. Waliuita mchezo huo "kiwanda cha povu." Mwiba aliichungulia ile chupa. Ndani kulikuwa na maji ya kahawia, kipande cha sigara, mbegu ya limau na nzi wawili.

"Ptuu! Mwageni uchafu huo!" alifoka.

"Tunacheza tu," walijibu, wakaificha mgongoni.

Angebaki pale, pengine yasingetokea yaliyotokea. Lakini alibanwa na haja, na choo cha baa kilikuwa kimoja kwa wote, walevi na watoto. "Kibonge, kaa kwenye bembea, usitoke," alisema, akaenda. Kufika chooni akakuta mtu ametapika sakafuni, na mwingine amekosea shabaha kila upande. Hapakuwa na maji. Mwiba alikunja sketi yake, akasimama kwa ncha za viatu huku ameziba pua, na muda wote alikuwa akijiuliza, mtu anayempenda mtoto anawezaje kumleta hapa?

Alipotoka alisikia kelele za furaha mbele. Kibonge alikuwa katikati ya meza, anayumba. Shati lake jeupe lilikuwa limelowa kahawia kuanzia kola hadi tumboni, na mkononi alishika ile chupa ya soda. Ilikuwa tupu.

"Imepita!" Kibonge alisema, ulimi mzito. "Yote... imepita."

Alikuwa ameinywa yote! Aliona povu, na wakubwa walikuwa wamemfundisha kwamba povu ni lake, akilinywa anapigiwa makofi. Na makofi aliyapata kweli. Kreti aliongeza sauti ya redio. "Cheza, Meneja, cheza!" Mtoto alizungukazunguka miguu ikipishana, akagonga kiti, akaanguka, akainuka. Walicheka. Mama Karibu naye aliinamia kaunta yake kwa kicheko. Lakini kilichomkata maini Mwiba ni baba. Baba, mwenye mikono inayoshika moto kila siku bila kutetemeka, alikuwa ameegemea ukuta, ameshika mbavu, anacheka.

Kibonge akaanguka tena. Safari hii hakuinuka. Alitapika mara moja, kisha akatulia kabisa.

Mwiba alipiga magoti. Mashavu ya mdogo wake yalikuwa ya baridi, na macho yamefunguka nusu bila kumwona mtu. "Kibonge! We' Kibonge!" Hakujibu.

"Mlaze tu hapo kwenye benchi," Kreti alisema. "Akilala pombe itamtoka. Sote tulianza hivyohivyo."

"Na ndiyo mkawa hivi!" Mwiba alimfokea, akamgeuza mdogo wake na kumpandisha mgongoni.

Zahanati ilikuwa ng'ambo ya barabara, hatua chache tu, lakini kumbeba Kibonge aliyelegea ni kama kubeba gunia la mchanga. Baba alimfuata nyuma akigonga meza na kuomba radhi kwa viti. Walipofika mlangoni alimshika Mwiba bega. Sasa hakuwa akicheka.

"Sikiliza, mwanangu. Tutasema amekula kitu kibaya. Unanisikia? Mama yako akijua, nyumba itawaka moto. Mimi na wewe tu. Sawa?"

Mwiba aliusukuma mlango kwa bega. Pumzi ya baba ilinuka vilevile kama kile choo.

Muuguzi wa zamu alimlaza Kibonge ubavu, akamfungua macho, akamshika mkono. "Kimempata nini mtoto huyu?"

"Chakula, nesi," baba alisema haraka. "Amekula yai lililooza. Akatapika."

"Mbona ananuka pombe?"

"Ni mimi. Nilimmwagia bahati mbaya. Unajua watoto, hawatulii."

Muuguzi alimtazama baba kwa jicho kali. "Mzee, niambie ukweli. Dawa ya yai bovu na dawa ya kitu kingine si moja. Mtoto huyu anazidi kuwa baridi. Nikikosea, nitampoteza."

Baba aliangalia chini. Kisha akamwangalia Mwiba, na macho yake yalimsihi. Mwiba alimpenda baba yake. Aliogopa nyumba kuwaka moto, aliogopa kilio cha mama, na zaidi ya yote aliona vibaya kumwumbua mzazi mbele ya mtu baki. Lakini mdogo wake alikuwa amelala pale, mdomo wazi, na pumzi zake zilikuwa za kusuasua.

"Amekunywa pombe, nesi," alisema. "Si ya kumwagikiwa. Amekunywa masalia ya watu, chupa nzima ya soda. Na kabla ya hapo walimlambisha povu."

"Nani alimlambisha?"

Mwiba alimgeukia baba yake. Machozi yalimtoka.

"Mimi," baba alisema kwa sauti ndogo.

Muuguzi hakupoteza muda kugomba. Alimchoma Kibonge kidole, akapima tone la damu, akaguna. "Nilijua. Pombe humshusha mtoto sukari, na sukari ikiisha anazimika kama taa." Akamtundikia dripu, akamfunika blanketi, akakaa kando yake akihesabu mapigo. Baba alisimama ukutani. Mwiba alikaa upande wa pili, na baba aliponyoosha mkono kumshika kichwa, alikisogeza kichwa. Hakutaka mkono ule umguse.

Jua lilikuwa limeanza kupungua ukali Kibonge alipofumbua macho vizuri. Alimtafuta dada yake, akalia kwamba kichwa kinamuuma. Kilio kile kilikuwa kitamu masikioni mwa Mwiba kuliko wimbo wowote.

"Mshukuru binti yako," muuguzi alimwambia baba. "Angekuficha wewe, sasa hivi ungekuwa unatafuta sanda. Mtu mzima ukinywa, mwili wako una pa kuupeleka huo moto. Mtoto hana. Kwake hakuna kidogo, na hakuna povu tu."

Mama alifika akiwa bado na aproni ya kiwanda, nyuzi zimemng'ang'ania mabegani. Jirani alikuwa amempelekea habari nusunusu. Alimkumbatia Kibonge, akanusa shati, akageuza uso. "Hii harufu ni ya nini? Si mlikwenda kwenye bembea?"

Mwiba alirudi nyuma hatua moja. Alikwisha kusema sehemu yake. Sasa ilikuwa zamu ya mwingine. Baba akaja mbele.

"Bembea ziko baa, mama watoto," alisema. "Kila Jumamosi nilikuwa nawapeleka baa, na nilikudanganya. Na leo nilitaka huyu binti naye adanganye. Yeye alikataa."

Mama hakupiga kelele, na hilo lilikuwa baya zaidi. "Mimi nashona mpaka vidole vinatoboka, nikijua watoto wako na baba yao," alisema polepole. "Kumbe walikuwa na walevi."



Jumamosi iliyofuata baba alikuwa uani, anamsaidia Mwiba kuanika nguo. Mwiba bado alimjibu kwa mkato. Mara mlango uligongwa, na Kreti akajitokeza, shati limefunguliwa vifungo, tayari kwa safari.

"Fundi! Umepotea! Meza inakulilia. Walete na watoto, bwana. Mama Karibu amenunua na mpira mpya. Anasema watoto wanakaribishwa kuliko hata zamani."

Baba aliweka chini beseni. "Kreti, umewahi kujiuliza mtoto anakaribishwa kwa lipi pale? Watoto hawakuhitaji baa. Ni sisi tuliohitaji watoto, ili tukinywa tujione wazazi wema. Tukawaletea matusi, matapishi na nzi, tukachora na bata ukutani."

"Aa, fundi! Kwa sababu ya ajali moja tu? Mtoto si amepona?"

"Amepona. Mimi ndiye sijapona." Baba alimtazama Kibonge aliyekuwa akichora chini kwa kijiti, kisha akamtazama Mwiba, naye hakuhamisha macho. "Mwanangu alikuwa anaanguka, anakata roho mbele yangu, na mimi nilikuwa nacheka. Unanisikia, rafiki yangu? Nilikuwa nacheka. Mahali panapomfanya baba acheke wakati kama huo si mahali pa mtoto. Na tangu siku ile najiuliza kama ni mahali pa baba."

Kreti alifunga vifungo vya shati lake, akaaga, akaondoka.

Mwiba aliokota upande mmoja wa shuka lililokuwa limelowa, akamnyooshea baba yake upande wa pili. "Shika huko, baba," alisema. "Tulikamue."