Gamba la Tangi la Mwisho

Kilichoanza kumtia shaka mke wa Baba Kamba ni marashi. Chumba cha matangi, ambacho zamani kilikuwa cha wageni, kilipaswa kunuka maji na chakula cha kamba. Sasa kilinukia mwanamke, tena mwanamke asiyejua kubana matumizi.

Mumewe alifuga kamba wa maji baridi humo ndani, ndiyo maana majirani wakampachika jina hilo. Mke hakuwa na ugomvi na kamba. Lakini mwanamume anayekula amesimama ili awahi kurudi kwenye pampu zake, anayenyoa ndevu kabla ya kubadilisha maji, huyo ana jambo lake. Wivu ukamwingia.

Alasiri moja mume alipotoka, akaingia kupekua. Kamba wote walikuwa wamejazana upande mmoja wa matangi yao, mbali kabisa na tangi la mwisho. Alijua kamba akikua hujivua gamba, na gamba hilo haliondolewi majini, kwa sababu mwenyewe hulila ili mwili wake laini ukaze tena. Tangi la mwisho nalo lilikuwa na gamba. Lilikuwa jeupe, jepesi, refu kumshinda yeye, lenye kiuno na vidole.

Mwingine angetimua mbio. Yeye aliona mke mwenza. Alilivuta likichuruzika maji, akalitoa uani, akalichoma moto, na moyo wake ukatulia.

Mume aliporudi na kunusa moshi, alikwenda moja kwa moja uani kwenye majivu.

"Umelichoma?" alinong'ona.

"Nimelichoma. Huyo kipenzi chako aje adai."

"Hawezi kuishi bila gamba. Atatafuta jingine."

Mke akamuuliza kwa sauti ya chini, kati yake na huyo kipenzi, anataka nani abaki. Mume akatazama sakafu.

Pampu zikanyamaza zote kwa pamoja. Kisha kitu laini, kizito, kilichorowa, kikasikika kikijikokota kutoka chumba cha matangi, kikapita mlangoni, kikapita kando ya miguu ya mume ambaye hakusogea hata kidogo, na marashi yakawa mazito kiasi kwamba mke aliyaonja ulimini, na alipofungua mdomo apige kelele akahisi ngozi yake ikiachia kuanzia kisogoni, taratibu, bila maumivu, kama gauni linalofunguliwa zipu na mtu anayetaka kulivaa.

Alipozinduka alikuwa chini ya maji, mwili laini, hana sauti. Nje ya kioo alijiona mwenyewe amesimama, ameegemea bega la mumewe. Akagonga kioo kwa vidole visivyo na nguvu. Mume akainama, akamtazama machoni, akamtambua. Uso wake haukuficha kwamba amemtambua.

"Unamwangalia nani?" aliuliza yule wa nje, kwa sauti ya mkewe na kwa wivu wake uleule.

"Si mtu, mke wangu," alijibu, akamshika kiuno, akazima taa.