Nakupenda Dead

"Mwalimu, hii sentensi ni sahihi, au nachekwa bure?"

Aliyeuliza alikuwa dada wa famasi, mwanafunzi wa benchi la mbele, aliyekuja darasani moja kwa moja kutoka kazini, koti lake jeupe likinuka dawa. Somo la alasiri hiyo lilikuwa maneno ya mtaani ya Kiingereza yanayotumika badala ya "sana". Ubaoni yaliandikwa matatu: super, awfully, dead. Kila mwanafunzi aliambiwa alete mfano aliokutana nao nje ya kitabu.

"Isome tuisikie."

Dada wa famasi akainua simu kwa madaha. "Imetoka kwa mchumba wangu, asubuhi ya leo. 'My queen, I love you dead.'"

Darasa likaangua kicheko.

"Huyo anasubiri uwe maiti ndiyo akupende!" dereva wa lori akapiga kelele kutoka nyuma.

"Afadhali huyo," akadakia mama muuza maua. "Wa kwangu nikiwa hai hanioni, nikifa atauliza chai iko wapi."

Mwalimu peke yake hakucheka. Chaki ilimkatikia mkononi. Dead hukaa mbele ya sifa: dead tired, umechoka mno, dead beautiful, mzuri kupindukia. Nyuma ya kitenzi haikai. Sheria hiyo alikwisha kuieleza mara kumi kwenye kochi la sebuleni kwake, kwa fundi miwani, mchumba wake wa miaka mitatu. Kila akimsahihisha, mwanaume yule alicheka: "Nyie walimu bwana! Mimi nakupenda dead, basi!"

Na ndoa ilibakiza siku kumi na sita.

Wengine walipotoka, alimzuia dada wa famasi mlangoni.

"Mdogo wangu, samahani. Mchumba wako anafanya kazi gani?"

"Anapima macho, anatengeneza miwani. Duka lake liko jirani na posta."

"Ana kovu hapa kidevuni?"

Uso wa dada wa famasi ukabadilika. "Umemjuaje?"

"Ni mchumba wangu."

"Hapana! Ana mtu mmoja tu anayempigia kila asubuhi, na huyo ni dada yake."

"Dada yake!" Mwalimu akachomoa simu yake mkobani. "Dada yake ambaye nguo yake ya harusi iko kwa fundi cherehani! Tazama."

Wakaziweka simu mbili juu ya meza. Ujumbe wa Mwalimu uliingia saa moja na dakika kumi na nne asubuhi: "My queen, I love you awfully." Wa dada wa famasi uliingia dakika mbili baadaye.

"Mbona neno lako ni tofauti?"

"Akiniandikia mimi anaogopa kalamu nyekundu, anachagua neno lililo sahihi. Kwako akatupa makapi, akijua hutamkosoa."

Dada wa famasi akajifuta machozi kwa mkono wa koti. "Na hilo awfully maana yake nini?"

"Ni kama sisi tunavyosema 'vibaya' tukimaanisha sana. Nakupenda vibaya mno."

"Basi hapo hakudanganya. Ametupenda vibaya kweli. Twende."

Walimkuta fundi miwani dukani kwake, amemwinamia mzee mmoja, akimkazia fremu kwa bisibisi ndogo. Alipoinua macho na kuwaona wamesimama bega kwa bega, bisibisi ilimponyoka.

"Karibuni! Mpenzi, mbona hukunipigia? Na wewe dada, miwani yako bado haijawa tayari."

"Mimi navaa miwani tangu lini?" dada wa famasi akamjibu.

"Tusikilizane taratibu, kuna mteja..."

"Mteja naye asikie!" Mwalimu akafoka. Hakuwahi kupaza sauti hivyo hata kwa darasa la watu arobaini. "Miaka mitatu nakufundisha neno kwa neno, mpaka ukaweza kuongea na wauzaji wa vioo wa nje bila kutetemeka. Kumbe nakunolea ulimi ukatongozee!"

"Yalikuwa mazoezi tu ya Kiingereza, mpenzi wangu. Wewe ndiye wa ndoa. Huyu ni..."

"Ni nani?" dada wa famasi akasogea. "Malizia. Juzi ulinivisha pete mbele ya mama yangu mzazi. Nayo ilikuwa mazoezi?"

Fundi akainama kuokota bisibisi. Mzee akavua fremu, akaiweka mezani.

"Kijana, nirudishie miwani yangu ya zamani. Kwa leo nimeona ya kutosha."

Pete mbili zikadondoshwa kwenye kisahani cha skrubu. Walitoka bila kuaga, na barabarani ndipo Mwalimu alipolia, dada wa famasi amemshika mkono.

Asubuhi iliyofuata simu ya Mwalimu ikaita. Alikuwa mama mzazi wa fundi, aliyekwisha kuzoea kumwita mkwe.

"Mwanangu, nimesikia. Kijana analia hapa, hali chakula. Wageni wamekwisha alikwa. Wanaume ndivyo walivyo, sisi wanawake ni kuvumilia."

"Mama nakuheshimu, kwa hiyo nitakuuliza kwa heshima. Wewe ulivumilia?"

"Nilivumilia. Miaka thelathini na moja."

"Na baba aliacha?"

Mwalimu akasikia mlango ukifungwa upande wa pili, na mama mkwe akarudi akinong'ona, kama anayeogopa kusikiwa na mwanawe.

"Hakuacha. Alizeeka tu." Akavuta pumzi. "Usirudi, mwanangu. Wageni nitawapigia mimi."