Kastam Apandishwa Mizani

Robinson alikuwa wakala wa forodha pale mpakani Malaba. Kutwa alisoma karatasi za malori, hata yale maandishi madogo. Mbwa wake alimwita Kastam, kwa sababu hakuna mfuko uliopita langoni bila kunuswa.

Lakini siku hizi Kastam alikuwa ameacha kazi. Viroboto walimsumbua, akawa wa kujikuna tu. Jumamosi moja kina mama wa maombi walikuja nyumbani. Katikati ya wimbo, nao wakaanza kujikuna.

"Baba, fanya kitu," alisema mkewe, Petronilla. "Nimeaibika."

Robinson akachukua dawa ya kupe ya ng'ombe. Lebo hakuitazama. Alipima kwa macho, akaongeza kidogo, akammwagia mbwa.

"Huyu ni ng'ombe tu, ila hana pembe," alijigamba. Jamani, ujuaji mbaya.

Kastam akajilamba. Muda si mrefu alitapika, akayumba, akaanguka. Robinson akaingiwa na hofu. Alimpenda mbwa yule kuliko alivyokiri. Petronilla akampigia simu Among, daktari wa mifugo.

"Vaeni glavu, mwosheni kwa sabuni na maji mengi," Among alisema. "Msimpe maziwa. Msimtapishe. Kisha mleteni haraka, na chupa mje nayo."

Among alimtibu siku mbili, mpaka akasimama.

"Boss, karatasi ya lori unasoma yote?" alimwuliza Robinson.

"Yote."

"Na hii?" Akamwonyesha chupa. "Imeandikwa ng'ombe. Mbwa ana dawa yake, na hupimwa kwa uzito wake. Watoto wa mbwa pia wana yao. Usikisie. Nenda umpime, akipata nguvu nitampa dawa ya viroboto."

Wiki iliyofuata Robinson alimbeba Kastam hadi kwa mizani ya mahindi. Wakapimwa pamoja, kisha Robinson peke yake, akatoa uzito wake. Zikabaki kilo kumi na nane za mbwa.

"Leo kastam ndiye anayepimwa mzigo," majirani walicheka.

Among alimtia matone kwenye ngozi ya shingo, nyuma, ulimi usipofika. Petronilla alichemsha gunia la kulalia na kufagia kila pembe, maana viroboto wengi hujificha hapo. Kujikuna kukaisha, na kina mama wakarudi kuimba.

Siku moja Robinson alirudi na dawa ya kupe mfukoni, ya ng'ombe wake kweli. Kastam alinusa mfuko, akarudi nyuma, akajificha kwa Petronilla.

"Afadhali yeye," Petronilla alisema. "Amesoma lebo."