Kikohozi cha Babu Andati

Kila jioni Muhonja alipotoka shuleni alichota maji, akawasha moto, kisha akamfunga ndama nyuma ya jikoni. Mama yake, Dinah, alikuwa bado sokoni Khayega akiuza mboga. Nyumbani kwao Shinyalu alibaki yeye na Kukhu, nyanya yake, ambaye alikaa barazani akitazama giza likiingia msituni.

Hapo ndipo Kukhu alipoita, "Andati, umefunga ndama?"

Babu Andati alikuwa kaburini mwaka wa tatu sasa. Mara ya kwanza Muhonja alimwambia hivyo, naye Kukhu akalia kana kwamba amefiwa siku hiyo hiyo. Tangu wakati huo Muhonja alijibanza nyuma ya jikoni na kukohoa mara mbili, kikohozi kizito kama cha babu. Kukhu alitulia, akanywa uji wake. Muhonja hakumwambia mtu. Lakini alianza kuiogopa kona ile, kwani siku nyingine, kabla hajakohoa, alihisi kuna mtu mwingine amesimama gizani, tayari kujibu.

Kisha Patroba, jirani yao aliyekuwa dalali wa mashamba, alimkuta Kukhu peke yake mchana. Alimshika kidole gumba, akakigandamiza kwenye karatasi ya kuuza shamba. Dinah akaenda mahakamani Kakamega kuomba awe msimamizi wa mama yake kisheria, kwa kuwa Kukhu hakuweza tena kujiamulia mambo makubwa. Jaji akikubali, karatasi ile ingefutwa. Akikataa, wangehama.

"Huko kortini wataandika kwamba nyanyako ni mwendawazimu," rafiki yake Beverly alimwambia shuleni. Muhonja akazidi kufunga mdomo.

Siku ya kesi, kwa bahati mbaya, Kukhu aliamka akili zikiwa timamu. Jaji, mama mwenye miwani na sauti ya upole, alimuuliza ni siku gani na mume wake yuko wapi.

"Leo ni Jumanne, Mheshimiwa. Mume wangu alikufa. Tulimzika kando ya migomba."

Patroba akatabasamu. "Mheshimiwa, mama huyu ana akili kutushinda. Mimi ni jirani. Jioni kwake ni kimya kabisa, hasumbui mtu."

Jaji akamgeukia Dinah. "Jioni hukaa na nani?"

"Na binti yangu, huyu hapa."

Muhonja alisimama. Alijua kimya kile kilitoka wapi. "Jioni anamuitanga Babu," akasema. "Mimi nakohoa nyuma ya jikoni ili adhani ni yeye. Ndiyo maana ananyamaza."

Kukhu aligeuka polepole, akamtazama. "Kumbe ulikuwa wewe," akasema. Muhonja alitamani ardhi ipasuke immeze.

Jaji aliagiza daktari amwone Kukhu jioni, si asubuhi. Majuma mawili baadaye Dinah aliteuliwa kuwa msimamizi, na karatasi ya Patroba ikafutwa.

"Ugonjwa wa kusahau si wazimu, wala si aibu," Jaji alimwambia Muhonja. "Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Wewe uliyaficha kwa mapenzi, lakini mwizi alipata pa kujificha humo humo."

Jioni ile Kukhu aliita tena. Muhonja hakwenda nyuma ya jikoni. Alikaa kando yake, akamshika mkono.

"Kukhu, Babu alifariki. Ndama nimemfunga mimi."

Wote wawili wakasikiliza. Kule konani hakuna aliyekohoa. Kukhu alilia, naye Muhonja akalia pamoja naye, mpaka uji ukapoa.

"Yule wa nyuma ya jikoni alinijibu kila siku," Kukhu akasema mwishowe, "lakini hakuja hata mara moja kukaa nami. Afadhali ukweli unilize, mjukuu wangu, nawe uwe hapa."