Saa Iliyovuka Mpaka

Kila asubuhi ya likizo, Keza alikuwa na kazi tatu: kufagia uwanja, kuchota maji bombani, na kumjibu kila mpita njia aliyeuliza habari za shangazi yake. Hiyo ya tatu ndiyo iliyomchosha kuliko zote.

“Shikamoo, mama,” alimsalimu jirani yao Deodata bombani.

“Marahaba. Keza, ni kweli shangazi yako ameacha upishi?”

“Kweli, mama.”

“Na sasa anafundisha watu kufanya kazi?”

“Anawafundisha kupanga kazi, mama.”

“Haya. Miaka thelathini nalima bila mpangaji. Mwambie akimaliza kazi aje anipangie na usingizi.”

Keza alijitwisha ndoo akaondoka, mashavu yakimwaka moto.

Shangazi Adventina alikuwa amepika miaka tisa katika shule ya bweni huko Biharamulo. Alianza kwa kuungua vidole na kuchelewesha ugali mpaka wanafunzi wakampigia sahani. Alimaliza akiwalisha watoto mia sita na wasaidizi watatu tu, na chakula kikawa tayari kabla ya kengele. Wapishi wa shule nyingine wakawa wanakuja kumuuliza anafanyaje. Ndipo akaona kwamba anapenda kuwaonyesha wenzake kuliko kukoroga sufuria. Akarudi kwao Kasulo aifanye kazi hiyo ya kufundisha tu. Mkuu wa shule alimwambia, “Nafasi yako naishikilia mpaka Ijumaa. Usipopiga simu, nitajua unarudi.”

Jumanne, Mama Koleta, mwenyekiti wa kikundi cha wanawake wanaochambua maharage kule kilimani, alimpa nafasi ya kujaribu.

“Sisi tuko wanane,” alisema. “Madebe thelathini tunayamaliza kwa saa sita. Tupunguzie saa moja tu, mimi mwenyewe nitakupeleka kwa vikundi vyote vya kata. Ukishindwa, masufuria yanakungoja.”

“Nimekubali,” Adventina alijibu. Akampa Keza simu yake na daftari. “Wewe ndiye mtunza saa. Andika tunapoanza, tunapomaliza, na weka alama kila mtu anaposimama.”

Walianza saa mbili kamili. Ukungu ulikuwa umefunika kilima, jua halikuonekana. Adventina aliwapanga kwenye mikeka, mwenye macho makali akaondoa mawe, mwingine akapeta. Mikono ilikwenda mbio. Keza aliandika mpaka kidole kikaota sugu. Debe la mwisho lilipomiminwa kwenye gunia, aliitazama simu, akaitazama tena.

“Saa saba kamili!” alipaza sauti. “Saa tano tu!”

Vigelegele vikapasuka. Deodata, naye mmoja wa kikundi, alimkumbatia Adventina, akasahau alivyomcheka kule bombani.

“Mbona tumbo langu linasema saa nane?” aliuliza Mama Koleta.

“Tumbo lako, mwenyekiti, lina haraka tangu Pasaka,” Deodata alimjibu, na wote wakaangua kicheko.

Keza alitangulia kurudi nyumbani, akiruka mawe kwa furaha. Alipoondoka, simu ilionyesha saa saba na nusu. Kutoka kilimani mpaka kwao ni robo saa. Alipofika kwao bondeni simu ikalia, ujumbe ukaingia kumkaribisha tena Tanzania. Keza akashangaa, maana hakuwa amekwenda popote. Akatazama saa. Tisa kasoro robo.

Ndipo akaelewa. Kule kilimani, baada ya kazi kuanza, simu ilikuwa imedaka mtandao wa Rwanda, ng'ambo ya mto wa mpakani, ikajibadilisha saa, na saa ya Rwanda iko nyuma ya yetu kwa saa moja. Kumbe walimaliza saa nane, vilevile kama siku zote. Tumbo la Mama Koleta lilikuwa sahihi.

Hakuna mwingine aliyejua. Akinyamaza, shangazi atapelekwa kwa vikundi vyote. Akisema, Ijumaa shangazi atarudi jikoni. Keza alikaa kwenye kizingiti mpaka Adventina alipoingia akiimba.

“Shangazi, ile saa imetudanganya,” alisema haraka, asije akabadili mawazo. Akaeleza yote.

Adventina aliacha kuimba. Akakaa chini. Kisha akanyoosha mkono. “Lete daftari.”

Alilisoma ukurasa kwa ukurasa. Ghafla akaanza kutabasamu. “Hebu ona. Mama Koleta, kasimama mara kumi na moja. Deodata, kumi na nne. Walikuwa wakienda wapi?”

“Kumimina maharage safi kwenye magunia, kule ukutani. Kila anayesimama anamsalimia anayekutana naye.”

“Na salamu zetu unazijua, zinaanzia kwa ng'ombe mpaka kwa mjukuu. Keza, saa yetu moja inapotelea njiani hapo! Twende.”

Walipanda kilima jioni ileile. Adventina aliwaambia wanawake ukweli bila kuuzungusha.

“Kwa hiyo tulipiga vigelegele vya Rwanda,” alisema Deodata. Wengine waliguna. Mama Koleta alikunja uso.

“Ungeweza kukaa kimya, tusingejua,” alisema.

“Mtoto huyu ndiye aliyekataa kukaa kimya. Nipeni kesho, mama. Nikishindwa kesho, sitapiga simu shuleni, nitarudi kwenye jiko langu.”

Jumatano waliazima saa ya ukutani ya kanisa la kigangoni, wakaanza tena saa mbili kamili. Adventina aliweka magunia katikati na mikeka kuyazunguka, kila mtu amimine bila kusimama. Salamu wakazitoa wakiwa wameketi, mikono ikichambua. Keza hakubandua macho kwenye mshale. Saa tano, madebe kumi na saba. Saa sita, ishirini na tatu. Wanawake wakaanza kuhesabu kwa sauti, mioyo ikidunda kama ya watoto kwenye mashindano.

Debe la thelathini liliisha saa saba na dakika tano.

“Umekosa dakika tano,” alisema Mama Koleta. Kisha akacheka. “Lakini dakika hizi nimeziona kwa macho yangu. Mpigie mkuu wako simu, amtafute mpishi mwingine. Jumatatu tunaanza na kikundi cha Nyakisasa.”

Vigelegele vya safari hii vilisikika mpaka bondeni. Adventina alimvuta Keza ubavuni.

“Jana ungenyamaza,” alimwambia mbele ya wote, “ningekwenda Nyakisasa kufundisha kitu kisichofanya kazi, na tusingejua saa yetu inapotelea wapi. Kosa likifichwa hukaa palepale na kuendelea kutula. Ukweli ulituuma jioni moja tu, leo umetulipa. Ukiwa mkubwa, kazi yoyote utakayoishika, anzia hapo.”